Mpima na Nyasi za Kiangazi

Ukitaka kumuudhi Mpima, sema "pori". Sema tu kwa bahati mbaya, kama tunavyosema watu wote, "ng'ombe wameingia porini", basi umejitafutia. Atasimama hapo hapo, atavua miwani, ataifuta kwenye ncha ya shati, kisha atakuuliza, "Pori la nani?" Wewe utacheka. Yeye hacheki. "Nakuuliza wewe, mama. Nani anakata kuni huko? Nani anarina asali? Nani amezikwa huko?" Ukishamaliza kumjibu atasema, "Haya, sasa hapo pori liko wapi?" Nimemwona akimfanyia hivyo diwani mbele ya watu, nimemwona akimfanyia padri, na mimi alinifanyia mpaka nikakoma. Hadi leo nikitaka kulisema neno hilo ulimi unasita kwanza.

Alikuwa afisa wa ardhi kutoka wilayani, yule anayekuja vijijini kupanga na wananchi matumizi ya ardhi yao: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu wa kijiji, hapa njia ya mifugo. Cheo chake rasmi kilikuwa kirefu, mwenyewe akikitamka anapumzika katikati. Sisi tulimwita Mpima, na jina hilo alilikataa miaka yote. "Mimi sipimi," alikuwa akisema. "Mpimaji ni yule anayekuja kupanda mawe ya mpaka. Mimi napanga. Na hata kupanga mnapanga ninyi, mimi naandika tu." Tukamwambia sawa Mpima, tumekusikia.

Mimi ni mkulima na mfugaji, Mnyaturu, na kijiji chetu unaingilia Ihanja, unaacha lami unashika vumbi. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ardhi ya kijiji. Sikuchaguliwa kwa elimu, nilichaguliwa kwa mdomo. Waliambiwa kamati lazima iwe na wanawake, wakatafuta mwanamke asiyeogopa kusema mbele ya wanaume, wakanipata mimi. Nadhani wengine wamejuta.

Yeye alikuwa Mnyiramba wa upande wa Ulemo, kwa hiyo mtani wangu. Kwa umri alikuwa mkubwa kwangu, na shikamoo yake nilimpa kila alipokuja, mikono nimeshika pamoja na goti nimelikunja kidogo, kama nilivyofundishwa. Naye aliitikia marahaba kwa upole, akauliza watoto, akauliza mifugo, akauliza mvua. Tukishamaliza heshima ndipo tunaanza kuchambana. "Jamani fungieni kuku, Mnyiramba kafika!" Yeye anageuka kwa dereva wake: "Kuku gani? Hawa waliokonda kama wenyewe? Wacha wakae nao." Siku moja mgeni fulani kutoka mkoani alitusikia akataka kuamua ugomvi. Tulimcheka mpaka akaona aibu, maskini, hakuwa mtu wa huku.

Sasa nikueleze alivyofanya kazi, maana nimeona maafisa wengi na sijaona wa namna yake. Wengine wanakuja na gari, wanakaa ofisi ya kijiji, wanatandika karatasi mezani, wanauliza mwenyekiti, wanakula kuku, wanaondoka. Yeye alikwenda uwanja wa shule. Aliwaambia watu wachore kijiji chao chini, kwa vitu vya nyumbani: majivu ndiyo barabara, magunzi ya mahindi ndiyo nyumba, majani mabichi malisho, mkaa makaburi. Wanaume walichora upande wao, wanawake upande wao, na kulikuwa na mtu wa kuzuia wasichunguliane. Mwisho anawaita wote waangalie.

Loh! Siku ile kwetu palichafuka. Ramani ya wanaume ilikuwa na mipaka yote ya mashamba, mpaka ya babu waliokwisha kufa, lakini kisima hakipo. Hakuna kisima! Ramani ya wanawake ilikuwa na visima, njia za kuni, mahali pa udongo wa vyungu, na kilabu cha pombe kimewekwa gunzi kubwa kuliko shule. Mpima alizunguka ramani ya wanaume taratibu, mikono mgongoni, kisha akauliza, "Wazee wangu, hiki kijiji kinakunywa nini?" Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akajibu kwa hasira kwamba maji ni kazi ya akina mama. "Basi leo wasikutekee," Mpima akasema, "tuone kama ramani yako inakata kiu." Wazee walinuna hadi jioni, lakini kesho yake kisima kilikuwepo.

Na kilabuni alikwenda, ingawa pombe hakunywa. Alikuwa mtu wa kanisa, wa kufunga Kwaresima kwelikweli. Lakini jioni unamkuta kilabuni amekaa kwenye gogo na soda yake ya moto, anasikiliza. Alisema ofisini watu wanataja mipaka wanayoitaka, kilabuni wanataja mipaka iliyopo. Na ni kweli, nimemsikia kwa masikio yangu jirani yangu mmoja akikiri, kikombe cha tatu, kwamba ule mti wa mnyaa anaosema ni mpaka aliuhamisha mwenyewe. Mpima hakuandika kitu. Kesho alimfuata nyumbani kwake, wakazungumza wawili, na wiki ile mnyaa ukarudi ulipokuwa. Sisi tukajifanya hatukuona.

Hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Ukizungumza kwa kuzunguka, kama tunavyozungumza sisi, unaanza na habari za mjomba ndipo ufike kwenye shamba, anaanza kugonga kalamu kwenye goti. Alikuwa na wivu na kifaa chake cha satelaiti, kile cha kushika mkononi, hakuruhusu mtu akiguse, hata mtendaji wetu aliyesoma chuo. Na mtu huyo wa ramani, ninakuapia, alikuwa akipotea mjini Singida. Mara moja nilikutana naye sokoni, anazunguka, anatafuta pikipiki yake aliyoiegesha mwenyewe asubuhi. Tuliitafuta pamoja. Nilimwambia, "Mtani, ungechora na magunzi."

La kuchekesha kuliko yote ni nyumba yake ya Utemini, pale mjini Singida. Mtu aliyesuluhisha mipaka ya vijiji vizima alikuwa na ugomvi wa ukuta na jirani yake, na ugomvi wenyewe haukuisha. Jirani alijenga ukuta ukaingia kwake, si sana, upana wa tofali. Mke wake alimwambia aende baraza la kata. Hakwenda. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Nikienda mimi, watasema afisa ardhi amemwonea mtu." Nikamwambia mganga hajigangi. Akacheka, lakini nilimwona anauangalia ukuta ule kila nilipofika kwake, na roho ilikuwa inamuuma.

Maneno ndiyo yalikuwa kazi yake hasa. Alituambia ramani inasomwa na watu ambao hawatafika huku kamwe, na wao hawataona nyasi wala udongo, wataona rangi na neno lililoandikwa pembeni kueleza rangi hiyo. Neno likikosewa, wataamua kwa kosa hilo. Kwa hiyo kila neno alilivunjavunja mpaka bibi yangu asiyejua kusoma akalielewa. Hati ya kimila watu walikuwa wanaiogopa, wakidhani serikali inawapa mashamba yao ili baadaye iwanyang'anye. Akasema, "Karatasi hii haikupi shamba. Shamba unalo. Inamzuia mwenzio asiseme huna." Watu wakaanza kujiandikisha. Neno "mvamizi" hakulitaka mpaka ajue nani alitangulia. Na "eneo lisilotumika" ndilo aliloliita uvivu. Alisema hakuna eneo lisilotumika, kuna afisa asiyeuliza.

Ndiyo maana kilichotokea kwetu kilimuuma kuliko mtu yeyote.

Inabidi nieleze mbuga yetu. Ni bonde la udongo mweusi upande wa chini wa kijiji. Mvua zikinyesha linajaa maji, nyasi zinaota mpaka kifuani, na hakuna anayeingiza mnyama humo. Ng'ombe wote wanakuwa juu, kwenye vilima. Kiangazi kikikaza, vilima vikibaki mawe matupu, ndipo wazee wanafungua mbuga, na ng'ombe wa kijiji kizima wanaishi humo mpaka mvua zirudi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tangu tunazaliwa. Na kuna mwiko wake: wakati wa mvua, nyasi za mbuga hazisemwi. Ng'ombe hawahesabiwi, ndama hasifiwi tumboni, na nyasi za mbuga hazitajwi zikiwa zinakua. Ukizitaja unazitia jicho. Sijui kama unaamini. Mimi nasali kila Jumapili na bado sizitaji.

Sasa Mpima alikuja kufanya kazi yake kwetu wakati wa mvua. Ndio muda aliopewa gari. Tukatembea naye kamati nzima, mtaro kwa mtaro. Tukafika ukingoni mwa mbuga, maji yanang'aa, hakuna ng'ombe, hakuna mtu, hakuna hata kinyesi. Akauliza kama kawaida yake, "Hapa panatumika kwa nini?" Kimya. Akauliza tena. Wazee wakaangalia juu, mmoja akasema jua leo kali. Mimi nilikuwepo, mimi mwenye mdomo, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa kwa mwiko ule ule uliowafunga wenzangu, uliotuzuia kuiweka mbuga hata kwenye ramani ya magunzi. Hatukuona kama tunaficha. Kwetu kila mtu anajua, nani angefikiri kwamba kuna mtu asiyejua? Ndipo mwenyekiti wa kijiji wakati ule, ambaye ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, akajibu kwa niaba yetu: "Hapa hakuna kitu. Maji tu."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliwaahidi vijana wakati wa uchaguzi kwamba atawapa mashamba, na mashamba ya maana hayakuwepo. Matajiri wa mpunga walikuwa wamekuja na matrekta yao kuuliza. Aliona nafasi akaichukua.

Ramani ilipobandikwa ukutani ofisi ya kijiji watu waione kabla ya mkutano mkuu, nilikwenda kuiangalia. Mbuga yetu yote ilikuwa njano. Nikatafuta njano pembeni nikasoma: eneo la upanuzi wa kilimo. Nikakaa chini pale pale barazani.

Unajua mjane ni nini huku? Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa kugawana ng'ombe. Wazee wakanisimamia, wakasema wabaki kwangu nilee watoto, lakini kwa sharti: wakianza kukonda na kufa mikononi mwangu, wanarudi kwa ukoo. Ng'ombe wale ndio maziwa, ndio samadi. Bila samadi mchanga wa shamba langu hauoti hata uwele. Ng'ombe wakienda shamba linakwenda, shamba likienda mimi na watoto tunarudi kwa baba yangu na vifurushi kichwani. Na bila mbuga hakuna ng'ombe anayemaliza kiangazi. Kwa hiyo nilipoiangalia ile njano niliona nyumba yangu inabomoka.

Mpima alikuwa ndani anakunywa chai na mtendaji. Niliingia. Siku hiyo sikutoa shikamoo, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mnyiramba, umeniua."

Akaweka kikombe. "Nimekuua vipi?"

"Ile mbuga umeandika nini?"

"Upanuzi wa kilimo. Niliuliza, mama. Mwenyekiti alisema hakuna kitu. Na ninyi mlikuwepo."

"Ng'ombe wangu kiangazi wanakula nini? Wanakula rangi yako?"

Akauliza taratibu, "Kwa nini hamkusema?"

"Mwanamke akiwa na mimba changa anatangaza sokoni?" Nililia nikisema, siwezi kuficha. "Zile ni nyasi zinazokua! Wakati wa mvua hazisemwi! Ungekuja kiangazi ungekuta ng'ombe mpaka ungekosa pa kukanyaga!"

Alivua miwani. Nilidhani ataifuta, lakini aliishika tu. Akamuuliza mtendaji kama ni kweli. Mtendaji, kijana wa watu kutoka Manyoni, hakujua. Mpima akatoka nje, akaiendea ramani, akaiangalia kwa muda mrefu. Niliposimama karibu yake akasema, "Eneo lisilotumika. Hata mimi." Aliondoka hata chai hakumaliza.

Nilijua ameshakwisha kuandika, na wao wakishaandika wameandika. Ramani ilikuwa tayari, fedha ya kazi imetumika, na mkutano mkuu ulikuwa umeitishwa. Nikaanza kufikiria ng'ombe yupi niuze kabla hawajakonda.

Siku ya mkutano watu walijaa. Mwenyekiti akafungua, akasifu serikali, akasema leo tunapitisha mpango wetu, kisha tutakula. Akamkaribisha mtaalamu aeleze. Mpima akasimama mbele ya ramani aliyoichora mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa waliokaa nje ya kivuli: "Ramani hii ina kosa. Na aliyekosea ni mimi. Naomba msiipitishe."

Uliona wapi? Afisa wa serikali, suruali imenyooshwa, anasema amekosea mbele ya watoto na bibi wa kijiji! Akaendelea. Akasema alikuja msimu mmoja akachora kana kwamba ardhi ina msimu mmoja. Akasema aliambiwa hakuna kitu akakubali, na yeye ndiye anayewafundisha wengine wasikubali. Hakutaja mwiko wetu. Hakumtaja mwenyekiti. Hakunitaja mimi.

Mwenyekiti akasimama, uso umeiva. "Wafugaji wamekupa nini?" akauliza. Vijana wakapiga makofi, maana walishaona mashamba yao yanapaa. Mwingine akapiga kelele, "Kama hukujua kazi ungesema mapema!" Mpima alikubali kwa kichwa kama mtu anayesomewa jina lake. Akasema, "Nisubirini mpaka kiangazi. Nitakuja. Nikikuta hakuna kitu, nitaandika kilimo kwa mkono huu huu."

Mikono ilinyooshwa. Wanawake karibu wote walinyoosha kuahirisha, na wazee, na hata vijana wengine ambao baba zao waliwatazama. Tukaahirisha. Tuliokuwa tumeandaa chakula tukakila hivyo hivyo, lakini mwenyekiti hakula.

Kiangazi alikuja kweli. Hakuja na gari, maana gari lilikuwa na kazi nyingine. Alichukua likizo yake, akapanda basi mpaka Ihanja, akachukua bodaboda, akafika kwangu mavumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa maji ya kunawa na ugali wa uwele na mlenda, akala sana. Alikaa kwetu kwa wiki kadhaa, kwa mzee mmoja wa Kiislamu jirani yangu aliyekuwa na chumba, na kila asubuhi alikwenda mbugani. Alikaa na wachungaji. Aliuliza wanaingia wapi, wanatoka wapi, maji yanachimbwa wapi, nani hufungua, nani hufunga. Sasa kila mtu alikuwa anasema, mpaka walikuwa wanagombania kusema. Nyasi zilikuwa zimeshakua, mwiko ulikuwa umeisha.

Siku moja tulikuwa naye mbugani, akaona kundi zuri, madume manene yenye alama ya sikio. "Hawa wa nani?" akauliza. Mchungaji akajibu bila kufikiri, "Wa mwenyekiti." Mimi nikapiga kofi la furaha. Nilisema haya, tumemkamata, kesho mkutanoni umwaibishe! Mpima akaniangalia kwa ukali kama anamwangalia mtoto. "Mtani," akasema, "huyu ni mtu tutakayemhitaji kufunga hii mbuga mvua zikija." Jioni alikwenda peke yake kwa mwenyekiti. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba mkutano wa pili mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema mbuga ibaki, na vijana watafutiwe mashamba upande wa vilima vya magharibi kwenye ardhi iliyokuwa imebaki ya kijiji. Wakati ule nilikasirika, maana nilitaka nione aibu yake. Sasa hivi namshukuru Mungu kwamba Mpima hakunisikiliza.

Halafu likaja la neno. Huko juu wilayani walikubali kubadili rangi, wakasema sawa, tuandike "malisho" mambo yaishe. Mpima akakataa. Akatueleza: mkiandika malisho tupu, mfugaji yeyote mwenye kibali ataingiza ng'ombe mwezi wa mvua, atasema imeandikwa malisho, na atakuwa na haki. Nyasi zitakanyagwa kwenye matope zikiwa changa na kiangazi hamtakuta kitu. Yeye alitaka iandikwe "malisho ya kiangazi". Aliyekuwa juu yake akamwambia neno hilo halipo kwenye maelezo ya ramani yanayotumika kila mahali. Akasema basi liongezwe. Akaambiwa ataichelewesha kazi. Akasema icheleweshwe. Nilimsikia kwenye simu, amesimama nyuma ya zizi langu, sauti imepanda, anasema, "Mkuu, hapana, kiangazi si mapambo. Kiangazi ndiyo ardhi yenyewe."

Mwisho akapata njia. Tuliliweka neno ndani ya sheria ndogo za kijiji, kwa mkutano mkuu, tukaeleza nani anafunga na nani anafungua na faini ya anayevunja. Likiwa kwenye sheria ndogo, ramani ikalazimika kulifuata. Ilipobandikwa tena ukutani, mbuga ilikuwa kijani yenye mistari, na pembeni imeandikwa, herufi zote: malisho ya kiangazi. Nililigusa lile neno kwa kidole. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu nilimpenda.

Baadaye alihamishwa akapelekwa kufanya kazi mbali, upande wa Itigi. Watu wakasema ni kwa ajili ya ukaidi wake. Nilipomuuliza akasema uhamisho ni kazi, na kwamba huko kuna treni na samaki wa makopo. Akastaafu, akarudi Utemini kwenye ukuta wake wenye ugomvi. Miaka ikapita. Watoto wangu wakasoma, wa kwanza ni muuguzi. Ng'ombe hawajarudi kwa ukoo.

Kiangazi kilichopita shemeji yangu, yule mwenyekiti wa zamani, alifariki. Siku ya tatu ya msiba nikaona mzee anashuka kwenye bodaboda, amekonda, kofia imemkaa kubwa. Sikumtambua mpaka alipovua miwani. Nilimkimbilia. Shikamoo nikaitoa nikilia, marahaba akaiitikia akilia, na watu wakadhani ni ndugu wa marehemu. Alikaa na wanaume, akatoa rambirambi, akasimulia mema ya shemeji yangu mpaka watoto wake wakatabasamu. Ndipo akaniita pembeni akasema, "Mtani, nipeleke mbugani nikaangalie."

Tulikwenda polepole, kifua kinamsumbua. Jua lilikuwa la kuumiza na vilima vimeungua vyote, lakini ukishuka bonde unaona nyasi, kavu, za rangi ya mkate, mpaka mwisho wa macho, na ng'ombe wametapakaa humo wa kijiji kizima. Aliingia ndani akasimama katikati ya nyasi.

Akatujia mwenyekiti wa sasa wa kamati ya ardhi, mwanaume wa makamo, kitambi mbele na fimbo mkononi. Huyu alioa kwetu akahamia, mambo ya zamani hakuyakuta. Akamsalimia mzee kwa adabu, kisha akamuuliza kama yeye ni mgeni na kama ametumwa na mtu kuangalia eneo. "Maana wanakuja wengi, mzee wangu. Wanaliangalia wanasema ni kubwa, wanataka kulima."

"Na ninyi mnawaambia nini?" Mpima akauliza.

"Tunawaambia hapa ni malisho ya kiangazi. Mvua ikija tunafunga, hata kuku haingii. Ni mambo ya mababu hayo, mzee. Tangu zamani za zamani. Hata serikali iliyakuta ikayaandika hivyo hivyo."

Mimi damu ilinipanda. Nilifungua mdomo, nilitaka nimwambie wewe unajua unazungumza na nani? Unajua nani alisimama mbele ya watu wote akajishusha kwa ajili ya hizi nyasi? Mpima akanishika mkono, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mababu zenu walikuwa na akili," akamwambia yule bwana. "Na nani anafungua?"

Yule bwana akafurahi kuulizwa. Akaanza kumfundisha. Akamweleza nani anafungua, wapi wanaingilia, wapi maji yanachimbwa, faini ni nini, hatua kwa hatua, anaonyesha kwa fimbo. Mpima alisikiliza yote, akiinamisha kichwa, akiuliza pale pale alipopaswa kuuliza, kama mtu anayeyasikia leo. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Yule bwana alidhani ni vumbi.

Halafu kengele zikasikika nyuma yetu, kundi linakuja kunywa, na yule bwana akanyoosha fimbo yake pembeni.

"Sogea kidogo, mzee. Umesimama kwenye njia yao."

Mpima akasogea.